Kwenda kufanya kazi shule ya Kihispania: jipange hivi kabla hujatoka Malindi

Tangu nirudi kutoka Uhispania naulizwa swali hilihili kila mahali, barazani, kwenye matatu ya Mombasa, hata juzi kwenye harusi ya binamu yangu hapo Shela (Shela ya Malindi, si ile ya Lamu) mtu kanivuta pembeni na sahani yake ya biriani mkononi, "hebu niambie, kule ulifikaje fikaje?" Nimeona bora niandike mara moja nimalize, manake kila nikieleza kwa mdomo kuna kitu nasahau, alafu mtu anaenda anakwama na anasema mi ndo nilimdanganya.

Kwanza tuelewane ni kazi gani. Kuna shule kule Uhispania na nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati ambazo mwanafunzi anatoka Uholanzi, Marekani au Ujerumani analipa hela zake aje akae mahali ambapo hasikii lugha nyingine ila Kihispania. Asubuhi darasani, mchana anakula na familia iliyompa chumba, jioni anapelekwa sokoni au jikoni au mlimani, na kote huko ni Kihispania tu. Wenyewe wanaita inmersión, yaani kuzama, wanamtosa tu kama vile sisi tulivotoswa jeti tukiwa wadogo, unapapatika mwenyewe mpaka ujue kuelea. Sasa usijidanganye ati utaenda kufundisha sarufi, walimu wa sarufi ni wenyewe wenye lugha yao na digrii zao. Kazi tunazoweza kupata sisi ni za pembeni: mapokezi, kuwatembeza wanafunzi jioni, kupanga nani anakaa na familia gani, kuangalia watoto kwenye kambi za kiangazi, na kama shule ina mlango wa pili wa Kiingereza basi kuongea Kiingereza na Wahispania. Mi nilikuwa mapokezi asubuhi na jioni naitwa monitor, yule wa kutembeza watu, mjini Granada, kusini mwa Uhispania. Na kabla ya hapo nilikaa dawati la hoteli hapa Malindi miaka sita, na hiyo ndo ilinipa kazi, si cheti.

Na hiyo hiyo ndo ilitaka kuniharibia.

Sisi watu wa Malindi tuna ugonjwa mmoja ambao hapa unaitwa akili. Mgeni akikunja uso kidogo tu ushahamia Kiitaliano, akikunja tena ushahamia Kiingereza, na kama ni Mjerumani una yale maneno yako ishirini ya Kijerumani unamtolea. Mtoto wa darasa la nne anauza vishanga ufuoni anajua bei kwa lugha tatu. Hapa hiyo ni sifa, ndo unga wetu. Kule ni kosa. Wiki yangu ya kwanza kuna msichana wa Kiholanzi, wa darasa la chini kabisa, kaja mapokezi saa tatu asubuhi macho mekundu, kapoteza ufunguo wa nyumba anayokaa na mama mwenye nyumba ashaenda kazini. Akaanza kwa Kihispania, neno la kwanza likatoka, la pili likagoma, akahamia Kiingereza. Na mi nikamjibu Kiingereza palepale, nikapiga simu, dakika tano mambo yameisha, nikajiona bingwa. Mkuu wangu alikuwa kasimama nyuma ya mashine ya kahawa. Hakunigombeza, alingoja yule msichana atoke alafu akaniambia polepole, huyu kalipa pesa atoke kwao aje apate shida kama hii ya leo, na we umemnyang'anya.

Kwahivyo ukiniuliza cha kwanza kujipanga nacho ni nini, sikwambii pasipoti wala ndege. Jifunze kukwama. Jifunze kukosa neno bila kukimbilia lugha nyingine, manake kazi yako kule itakuwa ni kukaa na mtu aliyekosa neno na usimpe la Kiingereza.

Mazoezi yake ni haya. Chagua saa moja kila siku, mi nilichagua baada ya laasiri mpaka karibu na magharibi, katika hiyo saa ni Kihispania tu hata kama uko peke yako unafua. Ukikosa neno unalizunguka. Jifunze kwanza yale maneno ya kuzungukia: es una cosa que sirve para, yaani ni kitu cha kufanyia kadha, se parece a, yaani kinafanana na, na bila shaka cómo se dice, yaani inasemwaje, na más despacio por favor, yaani polepole tafadhali. Na hayo mazungumzo ya hotelini ya "ningependa chumba chenye kiyoyozi" yaweke kando kwanza. Mi na rafiki yangu mmoja anayejifunza pia tulikuwa tunacheza hivi, mmoja anataja kitu cha nyumbani kwetu ambacho Mhispania hana, mwenzake anakieleza. Jaribu mbuzi ya kukunia nazi. Mi nilisema un banco pequeño con un hierro para rallar el coco, kibao kidogo chenye chuma cha kukunia nazi, ilinichukua karibu dakika nne na jasho lilinitoka, lakini siku nimefika kule nikaulizwa habari za chakula cha kwetu ilitoka yenyewe. Mwiko, mkate wa mofa, leso, tanga la jahazi, vyote vizungushe.

Alafu nilibandika karatasi nyumba nzima. Nevera kwenye friji, espejo kwenye kioo, puerta kila mlango. Bibi yangu alikuja kutoka Lamu kukaa nasi mwezi mmoja, akaona makaratasi yenye maandishi asiyoyajua kila pembe, akanyamaza siku mbili, siku ya tatu akamuita mamangu chumbani akamuuliza, "Huyu mtoto kaendea mganga gani?" Ikabidi nimkalishe nimweleze moja moja. Mwisho wake alishika nevera kabla ya ndugu zangu wote.

Mdomo wenyewe

Hapa mtu wa pwani unaanza mbele, na nasema kweli si kujisifu. Vokali zao ni tano, a e i o u, na zinasomwa vilevile kama zetu, hakuna kubahatisha kama Kiingereza. Wamarekani niliokuwa nawatembeza walikuwa wanakaa wiki nzima wakijaribu kusema no bila kuivuta mwisho. Ile ñ yao ni ny ya nyanya. Ile j yao, José, jamón, ni kh ya Khamisi, na Andalusia, jimbo la kusini, wanailegeza inakuwa karibu na h ya kawaida. Ile d iliyokaa kati ya vokali, nada, inalegea inakuwa kama dh ya dhahabu, na g ya lago inakuwa kama gh ya ghali. Na Madrid na kaskazini ile z na c ya cena ni th ya thelathini, kusini wengi wanasema s tu. Ukihesabu, hizo zote mdomo wako ushazijua toka madrasa. Kitakachokusumbua ni rr, manake pero ni lakini na perro ni mbwa, na ukichanganya sentensi nzima inabweka. Mi nilijifunzia kwenye bodaboda, naiga mlio wa pikipiki, na kichekesho ni kwamba pikipiki kwao inaitwa moto.

Sarufi nayo watu wanaogopeshwa bure. Ati kila jina ni la kike au la kiume. Ndugu yangu, we umekulia kwenye ki-vi, m-mi, u-zi, ji-ma, unaogopa ngeli mbili? Kinachotesa wazungu zaidi ni zile "kuwa" mbili, ser na estar, na hapo pia Kiswahili kinakubeba: soy de Malindi, mimi ni wa Malindi, estoy en Malindi, niko Malindi. Ni na niko, basi. Haitoshi kila mahali (estoy cansado ni nimechoka, na shughuli ikifanyika mahali wanatumia ser) lakini inakufikisha mbali. Vitenzi ndo vina kazi, nyakati ni nyingi na viishio vinabadilika kwa kila mtu, hapo hakuna njia ya mkato, andika daftari.

Alafu kuna maneno ambayo utahisi umeyaacha nyumbani ukayakuta yamekutangulia. Waarabu walikaa Uhispania karibu miaka 800, Granada ndo ilikuwa ya mwisho kuanguka mwaka 1492, miaka sita tu kabla ya Vasco da Gama kutia nanga hapa kwetu 1498. Kwahivyo sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, zeituni ni aceituna, na hasta yao ya hasta mañana ni ndugu ya hata yetu, zote zimetoka kwenye ile hattá ya Kiarabu. Ojalá, yaani laiti, wanaisema kila siku hata bibi wa kanisani, ukiisikiliza vizuri utamsikia Allah ndani yake. Na yale ambayo Wareno walituachia sisi Waswahili, Wahispania nao wanayo yanayofanana: meza ni mesa, bendera ni bandera, padri ni padre, karata ni carta. Kamba wa kuliwa, sijui ni bahati gani hii, ni gamba.

Lakini usilewe. Casa ni nyumba, si kasa wa Watamu. Papa kule kusini ni kiazi. Leo maana yake ni nasoma. Na kwenye kambi ya watoto niliwaambia kwa fahari kwamba kwetu mzee wa nyumbani tunamwita baba, chumba kizima kikaanguka kicheko, kumbe baba kwao ni ute unaomtoka mtoto mdomoni.

Na sasa Kiitaliano. Najua nusu ya wanaosoma hapa mnakijua, cha vitabuni au cha ufuoni, na mnafikiria Kihispania ni kilekile umegeuza viishio. Kitakusaidia kuelewa, wiki ya kwanza utaelewa kuliko mtu yeyote. Kuongea ndo kitakuumbua. Salire kwa Kiitaliano ni kupanda, salir kwa Kihispania ni kutoka. Guardare ni kuangalia, guardar ni kuweka. Aceto ni siki, aceite ni mafuta, fikiria jikoni. Largo huku ni pana, kule ni ndefu. Mi asubuhi ya pili nyumbani kwa mama aliyenipa chumba nilitaka siagi ya mkate, Kiitaliano burro, nikamwomba kwa adabu zote, señora, me pasa el burro? Akasimamisha kisu kwenye mkate. Akaniangalia, akaangalia dirishani. Mjukuu wake wa miaka saba akaanza kulia kama punda, manake burro kwao ndo punda. Mi ambaye upande wa mamangu ni Lamu, kule mchanga na mawe ya kujengea na mizigo yote inabebwa na punda, nimeketi mezani naomba nipitishiwe mmoja. Siagi ni mantequilla. Sitaisahau mpaka kaburini. Ushauri wangu ni miezi mitatu kabla ya kuondoka Kiitaliano ukifunge kabatini, wateja wako uwajibu kwa Kiswahili, watazoea.

Kiwango gani kinatosha? Vyeti vinavyotambulika ni DELE, unatolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya Uhispania ya lugha yao, una ngazi sita kuanzia A1 ya wanaoanza mpaka C2 ya waliobobea na ukishapata haufi, na SIELE ambao unafanywa kwenye kompyuta na unadumu miaka mitano. Kwa kazi ya mapokezi lenga B2. Na B1 unaweza kuishi lakini simu zitakutesa, manake kwenye simu hakuna mikono wala uso. Ukiwa huna pesa ya darasa, redio na televisheni ya taifa ya Uhispania, RTVE, iko bure mtandaoni, weka redio ikinguruma unapopika hata kama hushiki kitu, baada ya wiki kadhaa utaanza kusikia mahali neno moja linaisha na lingine linaanza. Kitu kimoja tu, ukisikia Kihispania cha Andalusia usikate tamaa ukadhani hujasoma, kule wanameza s za mwisho na pescado inakuwa pescao.

Makaratasi

Hapa ndo watu wanaliwa. Soma polepole.

Kibali cha kazi Uhispania anaomba mwajiri, si wewe, si wakala, si binamu wa mtu. Shule ikishakukubali inapeleka maombi Oficina de Extranjería, ofisi ya mambo ya wageni, kulekule kwao, kibali kikitoka ndo unaarifiwa, na kutoka siku hiyo una mwezi mmoja kuomba viza kwenye ubalozi wao Nairobi. Kwahivyo mtu akikwambia ana "kibali tayari" na bado hujaongea na shule yoyote, huyo ni mwizi, hata kama ana faili lenye bendera. Kuna kaka mtaani kwetu alitoa elfu themanini kwa jamaa wa faili, simu ikazimwa siku ya tatu. Wakala wa kazi za nje Kenya lazima awe ameandikishwa na National Employment Authority na orodha iko wazi, itazame kabla hujatoa hata nauli. Na viza ya matembezi ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, inakupa siku 90 ndani ya siku 180 na haikupi ruhusa ya kazi, hata ukiambiwa ati ni kujitolea tu kwa malazi na chakula. Ukishikwa rekodi inabaki.

Mwezi mmoja unaonekana mwingi mpaka uwe Malindi na ubalozi uwe Nairobi. Kwahivyo vile vinavyochukua muda vianze mapema. Pasipoti iwe na miaka mbele yake. Cheti cha tabia njema cha DCI unakiomba kwenye eCitizen kwa shilingi 1,050 alafu unaenda kuchukuliwa alama za vidole, vaa shati la mikono mifupi manake wino unapanda mpaka kiwiko. Cheti cha daktari. Vyeti vya shule, vile vya KNEC, usipeleke halisi popote bila kuwa na nakala zilizothibitishwa. Karatasi za serikali zinataka mihuri na zinataka kutafsiriwa Kihispania na mfasiri anayetambuliwa na wao, na mpangilio wa mihuri uulize ubalozi wenyewe kwa maandishi kabla hujapanda basi, ukigonga ya pili kabla ya kwanza unarudi mwanzo. Mi nilirudi Nairobi mara tatu, SGR kutoka Miritini nikawa naijua viti vyake.

Kama utakuwa na wanafunzi wa chini ya miaka 18, sheria ya Uhispania inadai cheti maalum kwamba huna rekodi ya makosa ya kingono, wanaita certificado de delitos de naturaleza sexual, na kwa mgeni wanataka pia karatasi ya kwao, yaani ile ya DCI. Usikasirike ukiulizwa, na mi nikiwa mzazi ningeuliza.

Mkataba usome neno kwa neno. Uliza mshahara ni bruto au neto, kabla ya makato au baada. Uliza ni malipo 12 au 14 kwa mwaka, manake Uhispania wengi wanalipa mara 14, mbili za ziada kiangazi na Krismasi, kwahivyo takwimu ya mwezi inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Kima cha chini cha mwaka 2025 kilikuwa euro 1,184 kwa mwezi kwa malipo 14 kwa kazi ya saa zote, ukiletewa mkataba chini ya hapo na saa ni zilezile, uliza kwanini. Uliza chumba ni juu ya nani. Ukipanga mwenyewe kuna fianza, rehani ya mwezi mmoja, juu ya kodi, na mshahara wa kwanza unakuja mwisho wa mwezi, kwahivyo uwe na hela ya kukusukuma miezi miwili. Watu wengi wanahesabu tiketi tu.

Kwa wanaofikiria Guatemala, hasa Antigua na Quetzaltenango ambako shule za mwalimu mmoja mwanafunzi mmoja ni nyingi na bei nafuu, jueni mshahara nao ni nafuu vilevile, nyingi ni za kujitolea. Na ukitoka Kenya kwenda nchi nyingi za huko wanadai kadi ya manjano ya homa ya manjano. Sindano inahesabika kuanzia siku ya kumi, usichome wiki ya safari. Tangu 2016 inadumu maisha, ukiwa nayo ya zamani usitupe.

Sanduku na tumbo

Granada ipo juu, karibu mita 700, na mlima wenye theluji unauona ukisimama sokoni. Nilienda na sweta la hapa Malindi la asubuhi ya Julai. Usifanye hivyo. Nyumba za kusini zimejengwa kukimbia joto, Januari ndani kuna baridi kuliko nje, na familia inakaa kwenye meza ya duara yenye kitambaa mpaka chini, ndani ya meza kuna jiko la umeme, brasero, mnaingiza miguu wote chini ya kitambaa. Hapo ndo Kihispania changu kiliiva, mkono mmoja nje unashika kikombe na miguu ya watu wanne inagombea moto. Nunua koti kulekule, la mtumba lipo, hapa beba soksi na kikoi tu, kikoi kitakufaa kila kitu.

Ukiwa Mwislamu kama mimi, tatizo si nyama iliyo wazi, ni ile iliyojificha. Jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa, wanatia kwenye maharagwe, kwenye supu, juu ya mboga, na ukisema hutaki nyama wengine wanakuletea jamón kwa moyo safi kabisa, kwao si nyama, ni kitoweo. Uliza hivi, lleva jamón? yaani kina jamón? Na mwambie mama wa nyumba siku ya kwanza, no como cerdo, yaani sili nguruwe, usingoje sahani ije. Wa kwangu alichukua kama mashindano, akawa ananipikia samaki na wali wa zafarani, na kipindi cha Pasaka akatoa buñuelos, nikaonja nikanyamaza, hizi si kaimati? Granada ukiagiza kinywaji unapewa kichakula bure, na si lazima kileo, agiza mosto, maji ya zabibu, kichakula kinakuja vilevile. Msikiti mkubwa upo mtaa wa Albaicín tangu 2003, unatazamana na Alhambra, ile ngome ya zamani ya wafalme Waislamu, Ijumaa utakutana na Wamoroko, Wasenegali na Wahispania wenyewe.

Saa nayo. Chakula cha mchana saa nane au tisa, cha usiku saa tatu mpaka nne, na maduka mengi yanafungwa mchana kama yetu tu. Wa bara wanalalamika, mi nilijisikia niko mtaa wa kwetu. Ila kichwa chako kijifunze kusoma saa yao moja kwa moja, las dos ni saa nane, siku ya kwanza ya kutembeza wanafunzi niliwaambia tukutane a las cuatro nikiwa na maana ya saa nne usiku, wakakaa mlangoni kuanzia saa kumi jioni.

Ukishafika, usipumzike. Nenda ayuntamiento, ofisi ya manispaa, ujiandikishe makazi, wanaita empadronamiento, unahitaji mkataba wa nyumba au barua ya mwenye nyumba. Hakikisha mwajiri kakuandikisha Seguridad Social, yaani hifadhi ya jamii. Na kadi ya mgeni, TIE, una mwezi mmoja tu wa kuiomba, unajaza fomu EX-17, unalipia benki, unaenda polisi kuchukuliwa alama za vidole, lakini kwanza upate miadi mtandaoni, cita previa, na miadi inaisha kama tiketi za basi la Idi. Anza kuitafuta siku ileile unayopata laini ya simu, asubuhi mapema, na ukikosa mji wako jaribu kituo kingine cha mkoa huohuo. Kibali, mkataba, pasipoti na nakala zake zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. La kwangu lilifika siku mbili nyuma yangu, likiwa na soksi zote.